Kalenda ya Ofisini Iache Dodoma

Mlingotini, Bagamoyo

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na hongera ya kustaafu. Umeuliza wakulima wa mwani huku huingia kazini saa ngapi. Saa maalumu hakuna, na nadhani hilo ndilo litakalokusumbua kuliko jua. Bahari ikikupwa leo saa nne, kesho itakuwa karibu saa tano. Kila siku huchelewa wastani wa dakika 50.

Kwa hiyo Jumatatu na Ijumaa zisahau, hesabu mwezi. Ukishaandama, mpaka tarehe nne au tano hivi, na tena ukishapevuka, ni bamvua: maji huenda mbali na shamba huwa wazi asubuhi, saa nne kwenda saa tano na kuendelea. Teremka muda wa saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa. Anza na kamba za mbali, urudi ukielekea pwani. Wageni hufanya kinyume, wakaishia kufunga kamba maji yakiwa kifuani. Wiki ya maji mafu, yasiyokupwa sana, shamba halionekani vizuri; hiyo ni ya kukata taitai, yaani vikamba vya kufungia mbegu, kutengeneza kamba na shughuli zako za nyumbani.

Kamba iwe ya milimita 4, urefu mita 10, taitai kila sentimita 20. Utapata mbegu, yaani vipande vya mwani, kama 50, kila moja gramu 100, yaani kilo tano. Kata ncha changa, acha shina kuukuu. Funga kivulini siku hiyohiyo, mbegu zikiwa na majimaji, kwani zikikaa juani zinakufa kabla hujafika shambani. Taitai ukiikaza mno, shina likinenepa linakatika. Ukiilegeza, wimbi linabeba.

Mavuno ni wiki sita. Uliopanda bamvua hii, utauvuna bamvua ya tatu baada yake. Ya pili ni mapema, mwani bado mwepesi na utomvu haujakolea. Ukipitisha, matawi huwa mazito yakakatika. Anika juu ya chanja, si mchangani, siku mbili tatu za jua kali. Kilo saba au nane mbichi hubaki moja. Mvua ikiunyeshea ukiwa umekauka nusu, hupauka na mnunuzi hushusha bei. Hapo ana haki, ingawa sipendi kumpa mnunuzi haki yoyote.

Tangu kilimo hiki kianze kibiashara Unguja mwaka 1989, kilichogeuka ni joto la maji. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haistahimili tena kina kifupi, hasa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi: matawi huwa meupe, hulainika, hukatika. Masika nayo hupunguza chumvi ya maji. Ukiona weupe, vuna haraka kilicho kizima, na usikifanye mbegu. Wapo waliohamishia kotonii kwenye kina kirefu kwa maboya na neti, lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea. Wewe anza na spinosamu, aina nyingine ya mwani. Bei yake ndogo, ila inavumilia. Panda Juni, maji yakiwa yamepoa.

Njoo na viatu vya mpira vya kufunga, si ndala, maana chini kuna miiba na samaki taa hujifukia mchangani. Na ufike maji yangali mafu, tukate taitai kwanza.

Shoga yako,
Mwanahawa