Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Kangomba huanza Februari

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa amani ya Bwana. Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo la kijijini, upande wa Tandahimba, mahali ambapo hata sadaka ya shukrani huja ikiwa korosho ndani ya kikapu. Nakuandikia juu ya kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kabla hazijavunwa, kwa kipimo cha bakuli badala ya mizani.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, ibada ilipokwisha, mama mmoja mjane alibaki benchi la nyuma mpaka watu wakaisha. Akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Kulikuwa na jina lake, idadi ya mabakuli ya korosho atakayotoa msimu ukifunguliwa, na alama ya dole gumba. Alikuwa amechukua fedha ya sare ya mtoto aliyeingia kidato cha kwanza, na debe moja la mahindi. "Baba Mchungaji," akaniambia, "niombee mikorosho ichanue vizuri, nisije nikashindwa kulipa."

Niliomba. Mwezi wa kumi nikaliona bakuli lenyewe, la plastiki, refu kwenda chini. Tulilijaza korosho tukalipeleka dukani kwenye mizani: kilo moja na nusu. Kwenye karatasi bakuli moja lilihesabiwa kilo moja.

Hiyo ndiyo kangomba, nawe taarifa zake zinakufikia kila msimu. Minada ikikaribia, tunasikia matangazo, magari yanakaguliwa, pikipiki zenye magunia zinakamatwa usiku. Sipingi hata kidogo. Lakini gunia linalokamatwa Oktoba liliuzwa Februari, likiwa bado halijawa hata ua. Wakati ule mahindi ya shambani ni mabichi, yaliyowekwa ndani yameisha, shule zimefungua, na watu wanakula ugali wa makopa ya muhogo mara moja kwa siku. Anayebisha hodi na noti mkononi wakati huo ni mtu mmoja tu, mnunuzi wa kangomba. Na kabla Serikali haijaanza kugawa salfa ya ruzuku, baada yake lilikuja deni la pili, la salfa, dawa ya mikorosho, maana isipopuliziwa, ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua.

Nami nina la kukiri, na nimeshalikiri mbele ya waumini wangu. Miaka kadhaa nimehubiri dhidi ya kangomba kila Oktoba, nikiwakemea wakulima kwa kuuza wasichovuna. Katika miaka hiyo hiyo nilipokea mifuko ya saruji ya kujengea kanisa kutoka kwa mtu ambaye kijiji kizima kilijua fedha yake inatoka wapi. Niliita baraka. Yule mama alikuwa ameketi palepale, akanisikia nikimwombea mdai wake kwa jina na yeye nikimkemea.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi kwenye sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia. Watu wa Yuda walimlilia kwamba wameweka rehani mashamba na mizabibu ili wapate nafaka wakati wa njaa, na sasa watoto wao wanakuwa watumwa. Nehemia alikuwa liwali wa nchi ile, yaani alikaa kwenye kiti kama chako. Maandiko yanasema alikasirika sana. Wakopaji hakuwagusa. Aliwaita wakubwa waliokopesha, akakusanya mkutano juu yao, akataka mashamba yarudishwe. Kisha akawaita makuhani, akawaapisha watu wale watimize waliyoahidi. Sehemu hiyo ya makuhani nilikuwa naipita haraka nikisoma.

Jirani yangu sheikh, ambaye tunazikana na kupeana mkono kila sikukuu, aliponisikia nikilizungumza jambo hili aliniambia kwamba kwao kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayofungua kwa ole kwa wanaopunja vipimo. Kwetu Mithali inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Kwa hiyo bakuli lile limehukumiwa msikitini na kanisani.

Mheshimiwa, mwaka 2018 Hayati Rais Magufuli alipoikataa bei ya wanunuzi na kutangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tuliimba. Malori ya jeshi yakaingia. Kisha ukaja uhakiki, kila mkulima athibitishe korosho ni za shamba lake, ili wa kangomba wasilipwe. Nia ilikuwa njema. Lakini wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi, na mtu anayengoja fedha yake halali huku watoto wana njaa anakwenda wapi? Anarudi kwa mwenye bakuli.

Ninachokuomba ni mkutano, na usiitishwe Oktoba. Uitishe Januari, kabla karatasi hazijaandikwa. Waje viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na wa vyama vikuu, waje watu wa benki, waje akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambao wanajua kukopeshana kwa haki kuliko sisi wote. Waulizwe swali moja: mkulima mwenye mikorosho hai shambani atapata wapi debe la mahindi na mahitaji madogo madogo ya shule mwezi wa pili, kwa riba iliyo wazi, alipe kwa kilo ya mizani korosho zake zikishauzwa mnadani? Stakabadhi ghalani, mfumo wa kuweka korosho ghalani na kupewa hati mpaka ziuzwe mnadani, inamlinda aliyekwisha kuvuna. Huyu wa Februari hana stakabadhi, hana ghala, ana miti tu.

Na utuite sisi na masheikh, tuapishwe mbele ya watu kwamba hatutapokea tena fedha ya kangomba, iwe ya saruji au ya mabati. Mimi nitakuwa wa kwanza kusimama.

Karatasi ya yule mama ninayo, aliniachia niitunze. Siku utakayoniita nitakuja nayo, jina lake nikiwa nimelifunika.

Wako katika utumishi,
Mchungaji wa kijijini, Tandahimba