Kabla hujalipia hiyo Townace, Rehema

Rehema shoga yangu,

Za Singida? Watoto hawajambo, na mama mguu unaendeleaje? Huku tupo, usiku baridi mchana jua, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, ukianika nguo nyeupe saa nne mpaka saa sita imeshakuwa kaki.

Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale jogoo alipoanza kuwika ukawa unamfukuza. Kwahiyo umepata Townace, hako kagari ka mizigo ka Toyota, namba D, umeipenda sababu matenga ya kuku yanaingia mengi, na unachouliza ni inakula mafuta kiasi gani. Mafuta utayamudu, ukipiga hesabu ya Singida mpaka huku ni kama kilometa 240, ukipakia vizuri inajilipa. Mimi nataka nikwambie habari ya kupaki, maana hiyo ndo inayokula hela kimya kimya na huwezi kuipigia hesabu. Barabarani hii yangu ya kubebea vyakula vya shughuli haijawahi kuguswa, nimeenda nayo Kongwa, Mpwapwa, Bahi kwenye harusi, inaenda inarudi salama. Mikwaruzo yote unayoiona kwenye ile gari imepatikana imesimama na mimi nimeshuka nanunua vitunguu.

Ukifikiria ndo unaona kwanini. Mtu mwenye gari ya kutembelea anapaki ofisini asubuhi anaondoka jioni, bas. Ya kwetu inasimama sokoni, inasimama duka la jumla, inasimama saiti Mtumba, inasimama ukumbini, na kila inaposimama ni pale ambapo wenzio nao wanashusha na kupakia, guta lina nondo zimechomoza nyuma, bajaji inajipenyeza pasipopenyeka, mbeba mizigo amechoka anaegemeza gunia kwenye mlango wako apumue. Pale Majengo sokoni mimi nimeshamkuta kijana amepanga nyanya juu ya boneti, nikamwambia mdogo wangu hii ni gari, akanijibu dada nilijua umelala humo ndani. Sasa hata ningekuwa nimelala!

Alafu kuna kivuli. Dodoma kivuli ni mwarobaini, na kila mwenye gari anautaka huo huo mwarobaini mmoja, wanabanana hapo mpaka milango inafunguliwa kwa mbavu. Mimi na pilau yangu ndani naogopa jua kuliko mtu yeyote, lakini siku hizi napaki juani, nafunika masufuria na mablanketi, maana ubavu wote wa kushoto umechorwa na milango ya watu chini ya miti. Na Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni ndo usiseme kabisa, mjini kunajaa magari ya wageni hawajui hata njia, anarudi rivasi huku anaangalia simu inamwelekeza lodji.

Sasa nikupe kisa chenyewe, kile nilichokwambia nitakuhadithia nikitulia.

Nilikuwa na oda ya chakula cha mchana, semina ya watu kama mia na ishirini, pilau, nyama, kuku, kachumbari, matunda. Kila kitu kiko kwenye gari, nikasema nipitie Majengo niongeze ndizi na limao. Sikukaa. Narudi nakuta mlango wa nyuma umeingia ndani, taa ya kushoto imevunjika vipande viko chini, na nyuma ya gari yangu pako wazi, aliyekuwepo ameshaondoka. Watu wamesimama wananiangalia mimi kama ndo nimejigonga. Sikuwa na muda wa kulia wala kugombana, saa sita na nusu wanatakiwa kula, nikaokota vile vipande vya taa nikaweka kwenye mfuko wa ndizi nikaondoka.

Shughuli ikawa ukumbini. Ule mlango unafunguka kwenda juu, na kitasa kilishapinda, haufunguki kwa funguo, haufunguki kwa kuvuta, haufunguki kwa bisimillahi. Na masufuria makubwa yote nilipakia kwa nyuma. Ikabidi kijana wangu mmoja aingie kwa mlango wa pembeni, atambae juu ya majiko, awe anasukuma sufuria ya pilau inchi kwa inchi mpaka ifike kwenye mlango wa ubavuni tuipokee wawili, mchuzi umemwagika kwenye kapeti mpaka leo ukifungua gari unasikia njaa. Nikamfuata mwenyekiti wa semina, shikamoo mzee, naomba unisaidie kidogo, na yule mzee Mungu ambariki akasimama mbele akawaambia washiriki sasa tuna kipindi kirefu cha maswali na majibu. Wakauliza maswali mpaka hotpoti ya mwisho ikafika mezani. Wala hawakujua.

Kesho yake nikarudi Majengo. Baba Ashura aliniambia achana nayo, gari ya kazi hiyo, kila siku utakuwa unatafuta watu? Mimi nikasema hapana, hii sio mkwaruzo, hii imenifungia mlango wa riziki, naenda. Pale napopaki kuna bibi anauza karanga, nikamsalimia mbukwenyi bibi, akacheka sababu mimi Kigogo changu kinaishia hapohapo, nikanunua karanga, tukaongea. Akaniambia ni gari kubwa nyeupe, ilirudi nyuma kwa kasi, dereva akashuka, akaenda kuangalia bampa la kwake, akalifuta na kitambaa, akapanda akaondoka. Kwako hakutupia hata jicho, alisema bibi. Shoga, hilo ndo lililoniuma kuliko mlango.

Sasa akili iliyonijia, na hii uiweke kichwani. Wale vijana wa ushuru wa maegesho si wanapita na kimashine wanaingiza namba ya kila gari iliyopaki? Maana yake aliyekuwa nyuma yangu namba yake ipo, na saa ipo. Nikamfuata kijana wa mstari ule, akasita, akasema dada mimi siwezi kukupa namba za watu hivihivi, nenda trafiki wao wakiniuliza nitawaambia. Na kweli alikuwa sahihi, ungekuwa ni wewe unatafutwa ungependa namba yako igawiwe? Nikaenda kuripoti na mfuko wangu wa vipande vya taa. Sheria ya Usalama Barabarani ipo toka 1973 na inamtaka dereva aliyegonga asimame na ajitambulishe, asipoweza kumpata mwenye mali aende akaripoti polisi, hata kama gari aliyoigonga haina mtu. Askari akamwita yule kijana wa ushuru, namba ikapatikana. Alafu ukishakuwa na namba ya gari unaweza kuingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima, wa kuhakiki bima ukaona kama gari ina bima hai au ni stika tu ya kupamba kioo. Ilikuwa hai. Nikapumua.

Mwenye gari ni mkandarasi, na aliyegonga ni dereva wake. Huyo dereva alikuja mwenyewe trafiki, mtu mzima, kofia mkononi, nikajikuta namwamkia kabla sijakumbuka kuwa nimekasirika. Akaniomba, mama, tusiende kwenye bima, kwa sababu bima lazima bosi asaini fomu na bosi akijua mimi sina kazi. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mzee wangu, kwanini uliangalia la kwako ukaacha la kwangu? Akanyamaza, akasema niliona ni gari ya mizigo, imeshachubuka chubuka, nikajua mwenyewe hata hatojali.

Unaona? Hapo ndo pana shida yote ya hizi gari zetu. Ingekuwa Crown inang'aa angeacha karatasi kwenye waipa na namba ya simu na salamu za Bwana Asifiwe. Gari ya kazi watu wanaihesabu kama kitu cha wote, ukiigonga ni kama umegonga debe la taka la jiji. Na ikishakuwa na kovu moja wanaiongezea la pili kwa roho safi kabisa.

Tukaandikishana palepale mbele ya askari, laki nne, anatoa nusu siku ileile na nusu akipata mshahara. Wewe utasema nimekuwa laini, na Baba Ashura kasema hivyohivyo kwa maneno makali zaidi. Lakini bima yenyewe ningesubiri, kuna ripoti ya polisi, kuna ukaguzi wa gari, kuna mtu wa kuja kupiga picha na kukadiria, na mimi oda za wiki hiyo nilikuwa nazo, mlango nautaka leo. Nusu ya pili ililetwa, alichelewa kidogo ila alileta, na akala pilau.

Fundi wangu wa bodi yuko Kizota. Alinyoosha bati kwa nyundo na gogo, akabadilisha kitasa, akaweka taa ya mtumba, akapiga puti ya kujazia mabonde na msasa. Kwenye rangi sikiliza vizuri. Usikubali fundi achanganye kwa kukadiria na macho, namba ya rangi imeandikwa kwenye kile kibati cha maelezo ya gari, tafuta herufi C/TR, namba inayofuata hapo ndo rangi, piga picha mwenyewe peleka kwa wanaochanganya. Na mwambie apulize alfajiri. Mchana wa huku upepo unabeba vumbi jekundu linakaa juu ya rangi mbichi, gari inatoka imepauka na vipele, akianza kusugua tena unalipa mara mbili. Hiyo yako kama ni nyeupe ya kawaida umebahatika, ile nyeupe ya lulu inataka tabaka tatu na ukipaka mlango mmoja tu lazima utofautiane na ubavu, utajuta kupendeza.

Sio kila mchubuko nautengeneza lakini. Mlango wa pembeni una mikwaruzo kama ramani na nimeiacha, huku kukavu, bati haliliwi haraka kama lingekuwa Dar au Tanga kwenye chumvi ya bahari. Bampa la mbele lilipasuka fundi akalishona na waya, limekaa hivyohivyo linafanya kazi. Ninachotengeneza bila kuchelewa ni taa, vitasa, na popote bati lilipobaki wazi kabla mvua za Disemba hazijaanza. Na nyuma. Nyuma nataka pawe safi muda wote, sababu ndo panapoangaliwa na mtu anayerudi rivasi, ajue hii gari ina mwenyewe.

Haya, kuhusu hiyo unayotaka kununua. Kabla hujatoa hela chukua sumaku ya spika mbovu, ivishe kitambaa, ipitishe kwenye bodi yote. Ikishika vizuri ni bati, ikiteleza ujue chini pamejazwa puti na hapo ilishagongwa ikafichwa. Huo mlango wa nyuma ufungue na kuufunga mpaka mwenye gari achoke, uone kama unakaa juu wenyewe au unakuangukia kichwani, zile shoku zake zikifa utapakia kuku huku umeuegemeza na kijiti. Mlango wa pembeni usikilize kwenye reli, ukisaga ni vumbi tu, ukigoma katikati umepinda. Saiti mira na taa peleka wakuchoree namba ya gari wiki hiyohiyo, hapa mjini unaweza ukaingia kununua sukari ukatoka huna masikio.

Na bima usichukue ile ndogo ukadhani umemaliza. Ile inamlipa unayemgonga wewe, ya kwako ikigongwa na mtu akakimbia hupati kitu. Kubwa ni ghali, najua, inahesabiwa kwa thamani ya gari. Ila kama unakopa kikoba ili ununue, chukua kubwa angalau mpaka mkopo uishe.

Ukija kuileta Dodoma mara ya kwanza usiende nayo Majengo asubuhi peke yako, njoo kwanza hapa Ilazo ulale, twende wote saa kumi na moja kabla maguta hayajaamka, nikuonyeshe pa kusimama na nikupeleke kwa bibi wa karanga akujue sura. Na huyo muuzaji akikukatalia kupitisha sumaku, muage tu vizuri urudi nyumbani. Nitumie picha za huo mlango wa nyuma leo, wa wazi na wa kufungwa, na upige na kile kibati chenye namba ya rangi.

Kuku wa mwisho wa mwezi nahitaji arobaini, wasiwe wale wembamba wa safari iliyopita.

Wako,
Mama Ashura