Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Jiji Likiacha Mkaa, Kijiji Kitakula Nini?

Ndugu wanachama, mbukwenyi!

Kamati yenu imeshughulika na mengi mwaka huu, lakini moja limetushika kuliko yote: jiji letu litaachaje mkaa bila kuwaacha wa vijijini mikono mitupu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya Jiji la Dodoma, na nyumba zinazidi kuota Nzuguni, Ihumwa na kuelekea Mtumba. Kila nyumba ina jiko. Jiko hilo likiwa la mkaa, mti wake unakatwa Chamwino, Chemba au Kondoa. Tanuru la kienyeji la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni, hivyo msitu hupoteza mara nyingi zaidi ya kile kinachofika sokoni. Nasi mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ikikuta ardhi tupu huondoka na udongo. Wenzetu wa Kondoa wanalijua hili vizuri. Hali ilipowazidi, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyomomonyoka.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Ila mama lishe tuliozungumza nao wametueleza kikwazo chao: mkaa unanunulika kwa kopo, tena kwa kukopa, wakati mtungi wa gesi unataka hela yote kwa mkupuo.

Na mchoma mkaa je? Huyu mara nyingi ni mkulima ambaye mtama wake umeungua kwa jua. Gunia la mkaa ndilo bima yake. Ndilo ada ya mtoto. Kumkataza tu, bila kumpa pa kushika, ni kumsukuma achome usiku. Kwangu mimi hiyo si haki, kwa sababu aliyekuwa akila kilichopikwa kwa mkaa huo ni sisi wa mjini.

Lililonipa moyo ni mboji. Mabaki ya masoko yakirundikwa dampo huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, ilhali wenye mizabibu Hombolo wanalilia samadi. Tulijaribu kuyaozesha vizuri na kuwapelekea. Kutenganisha plastiki kumetutoa jasho, na hapo bado tunahitaji msaada wa wachuuzi wenyewe. Lakini malori yaliyokuwa yakileta mazao na kurudi matupu, sasa baadhi yanarudi na mboji. Jiji limeanza kurudisha kitu shambani.

Treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024 tumeifurahia sana. Mkulima wa zabibu, hata hivyo, hataionja faida yake mpaka apate chumba cha baridi cha kutunzia matunda, tutaendelea kulisemea.

Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Ada nyingi zimechelewa, tafadhali tulipe.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, mfuko wa mikopo ya kujazia gesi, mama lishe arejeshe kidogo kidogo kwa kadiri ya mauzo ya siku. Pili, tuwawezeshe wachoma mkaa walio tayari kuanza ufugaji wa nyuki na kisiki hai: kuchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, kupogoa mengine na kulinda yaliyobaki. Vijiji vya kuanzia wavichague wanachama wa Chamwino na Chemba wenyewe. Uamuzi ufanyike leo, kabla watu hawajaanza kusafisha mashamba, maana jembe na moto wa maandalizi ndivyo vinavyoyaua machipukizi hayo kila mwaka.