Magamba kwenye gome la mti si ugonjwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tupinge ushauri mmoja ambao wenye bustani hupewa mara kwa mara: kusugua magome ya miti kwa brashi ya waya, kisha kupaka chokaa au kupulizia mrututu, eti "ukungu" usiue mti. Mabaka hayo ya kijivu, ya kijani kilichofifia, ya manjano au ya rangi ya chungwa si ukungu. Ni kuvumwani, na jina lenyewe linajieleza: kuvu na mwani wanaoishi katika mwili mmoja. Kuvu hujenga umbo na kuhifadhi unyevu. Mwani, na katika aina nyingine sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mtaalamu wa mimea Mswisi, Simon Schwendener, alipoeleza hivyo mwaka 1867, wataalamu wengi wa wakati wake walimpinga vikali.

Kuvumwani haina mizizi. Hujishikiza juu ya gome kwa vinyuzi vidogo au kwa tumbo lake lote, na chakula chake hutoka kwenye mwanga, mvua, hewa na vumbi. Haifyonzi utomvu wa mti. Kinachowapotosha watu ni kwamba mara nyingi huonekana nyingi kwenye mti unaodhoofika. Sababu iko wazi: mti ukipukutisha majani, mwanga hufika kwenye matawi, na gome linalonenepa polepole haliibandui kuvumwani. Hapo mti umetangulia kuugua, kuvumwani imefuata. Kwa hiyo kwangua kidogo gome la kitawi chembamba kwa ukucha. Chini pakiwa kijani na unyevu, kitawi ki hai. Pakiwa kahawia na pakavu, tafuta chanzo chini: udongo ulioshindiliwa kwa kukanyagwa, maji yanayotuama shinani, udongo uliorundikwa hadi kufunika shina, au matundu ya wadudu wanaotoboa mti. Anayetumia siku nzima kusugua magamba anaiacha shida yenyewe iendelee.

Kabla ya kuhukumu, hakikisha unachokiona. Nyunyizia maji kidogo kisha subiri dakika chache. Kuvumwani kavu ya kijivu aghalabu hugeuka kijani, kwa kuwa tabaka la juu likilowa hupitisha mwanga na mwani wa ndani huonekana. Wadudu gamba hawabadiliki hivyo. Ni vitone vilivyolingana, ukimbandua mmoja kwa ukucha na kumminya hutoa majimaji, na hao ndio wanaofyonza mti. Lenzi inayokuza mara 10 humaliza ubishi. Madoa ya majani ni habari tofauti: mwani uitwao Cephaleuros huota chini ya ngozi ya jani na kulidhuru kweli, basi usiyachanganye na mabaka ya gomeni.

Maumbo makuu ni matatu. Kuna iliyogandamana na jiwe kama rangi iliyopakwa, kuna yenye vijani bapa vinavyoinuka kingoni, na kuna inayoning'inia kama ndevu au kusimama kama kichaka kidogo. Ya tatu ndiyo nyonge kuliko zote mbele ya hewa chafu. Tayari mwaka 1866 mtaalamu wa kuvumwani kutoka Ufini, William Nylander, alikuwa amebaini kwamba kuvumwani zilizokuwa zikistawi katika bustani ya Luxembourg mjini Paris zilikuwa adimu kwingineko jijini. Zikipungua zile za kijivu na zikatawala za rangi ya chungwa, angalia kama kuna amonia karibu: rundo la samadi mbichi, banda la mifugo, au mbolea inayopeperushwa na upepo. Sogeza rundo, au lifunike.

Kinachotuuma zaidi ni haraka ya kuharibu. Kuvumwani iliyogandamana jiweni, ikitanuka milimita 1 kwa mwaka kila upande, itahitaji miaka 50 kufikisha upana wa sentimita 10, na nyingi hukua taratibu kuliko hivyo. Mashine ya kuosha kwa maji ya shinikizo huimaliza kwa sekunde. Brashi ya waya huchubua gome na kufungua mlango kwa vimelea halisi. Mrututu huiua, kweli, lakini shaba yake hubaki udongoni miaka mingi na kuwadhuru minyoo. Wanaopotea pamoja na kuvumwani ni viwavi wa nondo wanaoila, konokono, utitiri, na ndege wanaofunika viota vyao kwa vipande vyake visionekane.

Kuikaribisha kunahitaji zaidi subira kuliko kazi. Weka mawe ya asili yenye uso wa kukwaruza, yasiyopakwa rangi wala kemikali ya kuzuia maji, mahali penye mwanga na mvua ya moja kwa moja. Mawe ya chokaa na mawe magumu kama matale huvutia aina tofauti, hivyo changanya. Saruji mpya ni kali mno. Iache ichakae kwa miaka. Mbao za uzio ziache bila vanishi. Usipitishe waya wa shaba wala bati la zinki juu ya jiwe hilo, maana maji yatokayo hapo huua kuvumwani. Usiinyweshe kila siku pia: inahitaji kulowa na kukauka kwa zamu, na ikilowa mfululizo huoza.

Dawa ya kupaka maziwa ya mgando kwenye jiwe, eti kuvumwani iote haraka, hatuipendekezi. Kinachoota kwa kawaida ni ukungu na mwani tu. Wala usibandue kuvumwani porini. Tawi lililoangushwa na upepo likiwa nayo, lifunge kwa kamba kwenye mti wa aina ileile, kwa kiasi kilekile cha mwanga, sehemu iliyokuwa juu ibaki juu. Chembe za unga zilizo mgongoni mwa aina nyingi za kuvumwani hubeba kuvu na mwani kwa pamoja, na zikiangukia mahali panapofaa huanza upya zenyewe.

Zipo sehemu ambazo kuiondoa ni haki. Maandishi ya jiwe la kaburi yasiyosomeka tena, paneli za sola. Nakshi za kale ni za mtaalamu, kwa kuwa asidi za baadhi ya kuvumwani hula jiwe, na kuibandua kwa pupa huondoka na jiwe lenyewe. Kwingine subiri mvua iilegeze, kisha tumia brashi laini ya plastiki na maji matupu, bila sabuni wala jiki.

Ni sisi wasomaji wako,
Watunza bustani