Baba, nitamaliza kwa miaka minne

Minnesota, Marekani
Jumanne, 11 Machi 2025

Baba, Mama, shikamooni.

Wadogo zangu hamjambo? Bibi mpeni shikamoo yake sasa hivi kabla hamjaendelea kusoma, maana najua barua ikifika katikati atakuwa ameshasinzia.

Baba, nakuomba uisome kwanza peke yako. Nimeiandika kwa mkono, nitaipiga picha na kuituma kwa simu leoleo, kwa hiyo itawafikia wino haujakauka vizuri. Ningeweza kupiga. Lakini nikipiga tunaanza salamu, Mama anauliza kama nimekula, wadogo wananyang'anyana simu, mtandao unakatika, na lile neno nililotaka kusema linabaki kooni mpaka Jumapili nyingine. Limeshakaa kooni Jumapili tatu.

Neno lenyewe ni hili: sitamaliza chuo kwa miaka mitatu. Nitamaliza kwa minne, kama wenzangu wote. Ijumaa iliyopita nimeacha somo la kemia.

Sijafukuzwa, Mama. Siumwi, na hakuna kijana yeyote kwenye habari hii.

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyonitia shimoni. Shahada hapa ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), na chuo kimezigawa kwa mihula minane, kumi na tano kila muhula. Mimi Agosti nilipofika, hata sanduku sijalifungua, nikachukua kalamu. Mwanafunzi anaruhusiwa hadi krediti 18 kwa muhula. Mara sita, 108. Zinabaki 12, nikasema hizo nitazimalizia likizo ndefu. Ikatoka sawasawa, bila salio, na hesabu inayotoka bila salio ina ulevi wake. Nikakupigia, Baba. Ulicheka mpaka nikakusikia unapiga meza, na jua halijazama shangazi alikuwa ameshanitumia pongezi, na yeye tena si mtu wa kukaa na habari.

Nisichokihesabu ni kwamba krediti moja si saa moja. Ni saa moja darasani na nyingine kama mbili za kusoma mwenyewe, kila wiki. Krediti 18 ni saa 54. Juu yake kuna kazi ya maktaba. Viza yangu inaniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea, nami nafanya 12. Jumla 66, bado hujafua, hujaoga, hujapanga foleni kantini, hujapotea njia kwenda jengo la fizikia (kwa kujitetea, majengo yote hapa ni ya matofali mekundu). Muhula wa kwanza nilipita kwa sababu nilikuwa silali. Huu wa pili mwili ukagoma. Mtihani wa kwanza wa kemia nilipata 58. Wa pili 41.

Baba, kemia. Somo ambalo wenzangu shuleni walikuwa wanakuja kuniuliza mimi. Karatasi ya pili nilipoirudishiwa niliikunja mara nne nikaitia mfukoni, na nikatembea nayo kwenye koti siku tisa. Nilikuwa nikiweka mkono mfukoni kutafuta kadi ya mlango, naigusa.

Ndipo nikaenda kwa mshauri wangu wa masomo. Ni mama mtu mzima, miwani yake ina kamba, ofisini kwake kuna mmea ambao sijawahi kuuona ukiwa na afya. Nikamwekea ratiba yangu ya miaka mitatu mezani, ile niliyoipaka rangi. Akaiangalia kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza: kuna nani anayekungoja mwisho wa huo mwaka wa tatu?

Nikataka kusema ada. Lakini ufadhili wangu ni wa mihula minane, mnajua, barua yake Baba uliitia kwenye fremu. Mwaka wa nne umeshalipiwa. Nikataka kusema kazi, lakini hakuna kazi iliyoniahidi kitu. Nilikaa pale natafuta mtu anayenikimbiza, nikamkosa. Nilikuwa ni mimi, na ile sauti yako ya kupiga meza. Sikulaumu. Niliipenda sauti ile, nikataka kuisikia tena.

Akanieleza utaratibu. Mwenye viza ya F-1, hii yetu ya wanafunzi, hatakiwi kushuka chini ya krediti 12 kwa muhula, na mtu akicheza na sheria hiyo ndipo anapojikuta viza imeharibika. Mimi nina 18, kemia ni 4, zinabaki 14. Niko salama, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilikagua kabla sijatia saini. Kwenye karatasi ya matokeo patakaa herufi W mbele ya jina la somo, maana yake mwanafunzi alijitoa. Haiingii kwenye wastani. Septemba nitalianza upya, na safari hii nitalisoma likiwa somo, si kikwazo cha kuruka.

Nilipotoka pale nilikwenda chumbani nikalala saa kumi na nne.

Sasa tuko kwenye likizo fupi ya Machi, wiki moja. Karibu wote wameondoka. Ghorofa yetu ina vyumba 22 na nadhani tumebaki watatu. Taa za ukumbini zinawaka zenyewe ukipita na kuzimika nyuma yako, kwa hiyo usiku ukienda kuchota maji unajiona kama unafukuzwa na giza. Mashine za kufulia zote ziko tupu. Jana nimefua shuka, mapazia, na koti lile. Na kabla ya kulifua nimetoa ile karatasi ya 41 nikainyoosha nikaiweka kwenye faili. Mwenzangu wa chumbani alinikaribisha kwao, lakini wiki ya likizo lile sharti la saa 20 halinibani, na maktaba walikuwa wanatafuta watu wa kupanga rafu.

Hiyo kazi sijawahi kuwaeleza vizuri. Kila kitabu kina herufi na namba mgongoni: QA ni hesabu, QC fizikia, QD (Mungu anisamehe) kemia. Unasukuma kigari, unarudisha kila kimoja mahali pake, na ukikosea namba moja kitabu kimepotea kama kimetupwa mtoni. Juzi nilikuwa ghorofa ya chini kabisa, kwenye PL, lugha za huku na huku, nikafika PL 8701 nikasimama. Kiswahili. Rafu moja na nusu, kamusi na vitabu vya sarufi, vingine vina jalada gumu la buluu lililofifia. Nikafungua kimoja nyuma: mara ya mwisho kuazimwa 1994. Nikakaa sakafuni nikasoma ukurasa mzima wa maneno yanayoanza na "cha", kwa sauti ya chini. Hakuna mtu aliyenisikia. Nimekiazima sasa, nimekiweka karibu na kitanda. Nisije nikaulizwa kwa nini.

Kuhusu ile orodha ya Januari niliyowatumia picha yake, iliyobandikwa mlangoni mwa kabati: nimeibandua. Ilikuwa na malengo saba. Kuamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kulidumu siku sita. Kijerumani najua kuhesabu hadi kumi na mbili. Vitabu 40 kwa mwaka nimesoma vitano, na kimoja kilikuwa chembamba. Kuandika shajara kila usiku, mimi? Hata nyinyi nawaandikia kwa shida. Yamebaki matatu kwenye kikaratasi kidogo. Kemia niirudie niifaulu vizuri. Wastani usishuke chini ya 3.5 kati ya 4. Na la tatu ndilo ninalotaka kuwasimulia, kwa sababu ndilo nililoliandika kwa mzaha.

Jimbo hili magari yake yana kibao cha namba kilichoandikwa "maziwa 10,000". Nami nilifika huku siwezi kuelea hata kwenye beseni. Septemba nikaona kuna darasa la kuogelea la wasiojua kabisa, saa moja asubuhi, Jumatatu na Jumatano. Tulikuwa tisa. Wiki mbili nzima kazi yetu ilikuwa moja: shika ukingo, zamisha uso, toa pumzi puani mpaka mapovu yaishe. Mtu mzima na ufadhili wake, anapuliza mapovu! Kumbe hapo ndipo penye siri. Nilikuwa nikiingia majini naibana pumzi kama mtu anayeogopa kuibiwa, halafu nikiinua kichwa ndipo natoa na kuvuta kwa pamoja, navuta maji. Siku niliyojua kuitoa yote chini, kuvuta kukawa kwenyewe tu. Unageuza shavu, mdomo unatoka pembeni, hewa inaingia, unarudi.

Januari tulikuwa tunatoka bwawani jua ndiyo kwanza linachomoza. Kutoka mlangoni hadi bwenini ni dakika nne, na siku ya kwanza sikuvaa kofia. Nilipofika nikasikia kitu kinagonga begani, tik, tik. Ni ncha za nywele zangu. Misuko ilikuwa imeganda mmoja mmoja kama vijiti, ukiinamisha kichwa inagongana. Mama, usipige kelele, sasa navaa kofia mbili.

Lengo ni maili moja bila kusimama kabla ya Mei. Bwawa letu ni yadi 25, na maili ya waogeleaji ni kwenda au kurudi mara 66. Mwezi wa kwanza wa darasa niliweza moja, nikatoka nimekumbatia ngazi. Leo asubuhi nimefanya 24. Bwawa lote lilikuwa langu, na mlinzi juu ya kiti chake akiangalia simu.

Kisha likaja jambo ambalo sikulipanga. Nilikuwa natafuta nafasi ya utafiti likizo ndefu. Nimejaza fomu tatu za vyuo vingine, insha tatu, na kwenye ya tatu ndipo niliposoma yale maandishi ya chini: zinalipiwa na mfuko wa serikali wa sayansi, ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Zote tatu zilikuwa hivyo. Nililia kidogo, nisiseme uongo. Halafu profesa wa sayansi ya maji, ambaye mimi kwake ni kichwa kimoja katika darasa la watu themanini, akatangaza anahitaji wanafunzi wawili wa kupima maziwa, wiki kumi kuanzia Juni, kazi ya chuo hapahapa, kwa hiyo viza haina neno. Sharti la kwanza halikuwa alama za kemia. Lilikuwa hili: kazi ni ya mashuani, lazima uogelee yadi 100 bila kugusa ukingo na uelee dakika tano.

Nilifanya jaribio hilo Alhamisi, siku moja kabla ya kuacha kemia. Nimepata.

Kazi yenyewe mtaicheka. Kuna kisahani cha Secchi, kimepewa jina la padri Mwitaliano aliyekitumia 1865. Kina upana wa sentimita 20, robo nyeupe, robo nyeusi, robo nyeupe, robo nyeusi, na kimefungwa kwenye kamba yenye alama. Unakiteremsha majini upande wenye kivuli cha mashua mpaka kisionekane, unasoma kamba, unakipandisha mpaka kionekane tena, unasoma, unachukua katikati. Hicho ndicho kina cha macho. Ziwa lenye mwani mwingi kinapotea mapema. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini imepita na bado hawajapata cha kukiondoa. Profesa alinipa nikishike, nikakizungusha mkononi, nikasema kimoyomoyo: hiki hata Baba angekichonga.

Maziwa yenyewe bado yamelala. Barafu safi ya inchi 4 inabeba mtu, na katikati ya baridi ziwa la hapa karibu lilikuwa na magari juu yake, nimeyaona kwa macho yangu. Sasa kingo zimeanza kulegea na wavuvi wameshaburuta vibanda vyao kurudi nchi kavu. Nilisimama pale jana jioni. Lilikuwa likitoa mlio, kama mlango mkubwa unaofunguliwa mbali.

Kwa hiyo Julai siji, Mama. Najua ulikuwa unahesabu. Nitakuja Desemba, wiki tatu nzima, pesa ya tiketi itatoka kwenye hizo wiki kumi na si kwenye mfuko wenu.

Mwambieni mdogo wangu ile hesabu yake ya sehemu nimeiona, amekosea mstari wa tatu tu, asifute yote. Na saa zimesogezwa mbele huku Jumapili, tofauti yetu sasa ni saa nane badala ya tisa. Mkinipigia saa tatu usiku, mimi ni saa saba mchana, niko kwenye mapumziko ya maktaba, nitapokea.

Baba, ukishamaliza kusoma usinijibu leo. Kaa nayo kwanza. Ila shangazi mwambie wewe. Mimi kwa shangazi siwezi.

Binti yenu