Rafiki yangu, usinunue belti ya tatu

Nyakato, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Mwangaluka. Pole sana na usumbufu wa hilo lori. Unasema Fuso inalia ukiiwasha alfajiri pale soko la Mwaloni, inanyamaza baada ya dakika chache, halafu inaanza tena ukipanda mlima na mzigo wa dagaa, na kwamba belti za injini zimeshabadilishwa mara mbili. Nakusihi usinunue nyingine kwanza. Belti mpya zikilia kama za zamani, mwenye kosa ni puli (gurudumu lenye mfereji linalopitiwa na belti), au kifaa kinachozungushwa na hiyo puli, au namna belti zilivyokazwa. Kumjua hakuhitaji mashine. Andaa chupa ya kupulizia yenye maji safi, bisibisi ndefu, rula ya chuma iliyonyooka, tochi na chaki.

Anza kwa kuutambua mlio wenyewe. Yowe refu linaloongezeka ukikanyaga mafuta ni belti inateleza juu ya puli. Mlio mfupi wa kukatikakatika, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake, unaokwenda kasi kadiri injini inavyokwenda kasi, mara nyingi ni puli zisizokaa kwenye mstari mmoja. Mkwaruzo au mngurumo mzito usiokatika ni beringi, ile ringi ya gololi inayobeba shafti. Wa kwako, jinsi ulivyoueleza, ni yowe la kuteleza, na nyakati zake zinanieleza zaidi kuliko sauti yenyewe. Alfajiri starta imetoka kunyonya betri, taa zimewashwa, kwa hiyo alteneta, ile dinamo ya gari, inalazimika kuzalisha umeme mwingi na inakuwa nzito kuzungusha. Betri zikijaa kidogo, uzito unapungua na kelele inakwisha. Mlimani rejeta inapata moto, klachi ya feni (kifaa kinachoiunganisha feni na puli yake) inashika, feni inadai nguvu kubwa, na belti ile ile inashindwa tena. Umande wa ziwa unaweza kuliza belti nzima kwa nusu dakika asubuhi, na hilo halina neno. Mlimani hakuna umande.

Sasa maji. Injini ikiwa inaunguruma na kelele ipo, simama pembeni, mbali na feni, upulizie maji kidogo upande wa ndani wa belti. Kelele isipobadilika hata kidogo, achana na belti, tafuta beringi. Ikizidi, belti inateleza: imelegea, imechakaa au haikai vizuri kwenye puli. Ikinyamaza kwa muda mfupi kisha ikarudi, shuku mpangilio wa puli. Kipimo hiki husema wazi zaidi kwenye belti bapa zenye mifereji za magari mapya. Kwa belti za V kama zako, yaani zenye mbavu zilizoinama kama herufi V, faida yake kubwa ni kutenganisha belti na beringi. Na tafadhali, mikono ya shati ikunjwe, kamba ya kitambulisho ivuliwe, magurudumu yawekewe vizuizi, na kabini ukiiinua hakikisha kishikizo chake kimeingia kabla hujaweka kichwa chini yake.

Ukishazima na injini ikapoa, angalia puli. Hapa nakuomba usiwe na haraka, maana hapa ndipo ninapoweka shaka yangu kubwa. Belti ya V inashika kwa mbavu zake mbili. Haitakiwi kugusa chini ya mfereji hata kidogo. Mgongo wake unapaswa kuwa sawa na ukingo wa puli au kuchungulia kidogo juu yake. Mulika tochi ndani ya mfereji. Ukiona chini kunang'aa kama sarafu mpya, belti imekuwa ikikalia pale, na hapo hata uikaze vipi itateleza. Sababu ni mbili. Ya kwanza, puli imelika: kuta zake zimebonyea badala ya kunyooka, jambo la kawaida kwa lori lililopiga miaka kwenye vumbi na mchanga. Weka ukingo wa rula kwenye ukuta wa mfereji. Mwanga ukipita katikati, puli imekwisha na belti mpya haitaiponya. Ya pili, belti si ya saizi yake. Belti ya upana wa mm 13 ikivishwa kwenye mfereji wa mm 17 inazama mpaka chini, na dukani zinaning'inia zikifanana kwa mtu asiyepima. Soma namba zilizoandikwa mgongoni, kisha ulinganishe na kitabu cha gari, usilinganishe na belti iliyotoka, kwani na yenyewe huenda ilikosewa.

Kama belti ni mbili zinazokwenda sambamba, zibonyeze zote. Moja ikiwa ngumu na nyingine laini, ile ngumu inabeba kazi peke yake. Hubadilishwa zote kwa pamoja, za aina moja na kampuni moja. Kununua moja kwa sababu nyingine "bado nzima" ni hasara.

Kukaza. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili, kwa nguvu ya kilo 10 hivi. Kwa malori mengi belti hubonyea kati ya mm 10 na 15. Kitabu chako kikisema vingine, fuata kitabu. Legeza bolti ya chini inayoshikilia alteneta na ile ya mkono wa kurekebishia, vuta kwa bolti ya kurekebisha, kisha kaza zote mbili. Wengi hukaza ya juu wakasahau ya chini, alteneta inajirudisha yenyewe barabarani. Usiisukume alteneta kwa mtaimbo kwenye mwili wake wa alumini, utaupasua. Belti mpya ikishafungwa, washa injini dakika 15, zima, iache ipoe, upime tena, maana belti mpya hulegea inapokaa. Rudia baada ya kama kilomita 500. Nina wasiwasi kwamba hizo zako mbili hazikurudiwa kukazwa, zikateleza, mbavu zikawa kama kioo. Belti iliyofikia hapo haikazwi tena, hutupwa. Na usiende upande wa pili ukakaza mpaka ilie kama uzi wa zeze: beringi za alteneta na pampu ya maji ndizo zitakazolipa.

Kisha toa belti zote na uzungushe kila kitu kwa mkono. Alteneta iende laini. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, beringi imekufa. Shika feni kwa juu na chini, uitikise mbele na nyuma. Ikicheza mpaka unaona shafti ya pampu ya maji inayumba, badilisha pampu nzima. Chini ya pampu kuna tundu dogo. Mistari ya kulanti (maji ya rejeta) iliyokauka pale inaonyesha sili, yaani kizuizi cha maji kwenye shafti, imeanza kuvuja, na maji yakifika kwenye beringi haidumu. Tenshena na aidla (puli ndogo za kukazia na kuongozea belti), kama zipo, zizungushe vilevile. Ukiwa umeshatoa belti unaweza kuwasha injini kwa sekunde 30, isizidi dakika moja kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Taa ya betri itawaka, usishtuke. Kelele ikiwa imetoweka, uko mahali sahihi. Ikiendelea, iko ndani ya injini au kwenye kifaa kinachozungushwa na gia, kama kompresa ya breki kwenye malori mengi, na hiyo ni kazi nyingine.

Usiposhawishika na mkono, rudisha belti, washa, weka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa alteneta usiozunguka, mpini uuweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Beringi mbovu inasikika kana kwamba iko ndani ya kichwa chako. Fanya hivyo pale tu ambapo bisibisi haiwezi kufikiwa na feni wala belti. Kwenye injini nyingine nafasi hiyo haipo, basi acha.

Puli ya krenki, ile kubwa ya chini inayozungushwa na injini yenyewe, ikiwa na raba katikati, chora mstari wa chaki kutoka kitovuni mpaka ukingoni, tembeza gari, kisha uangalie. Mstari ukivunjika, raba imeachia na ukingo unateleza peke yake. Kosa hili hukimbizana na belti mpya bila mtu kuligundua. Kuhusu mstari wa puli, laza rula kwenye nyuso zake.  Zisipolingana, kwa kawaida chanzo ni mkono wa alteneta uliopinda au washa (kile kisahani cha bolti) iliyopotea siku alteneta ilipofunguliwa.

Kijana wako akitaka kupaka sabuni, oili au ile dawa ya kupulizia belti, mkataze. Sabuni inanyamazisha siku moja na inakusanya vumbi. Oili na dizeli zinavimbisha raba, kwa hiyo ukikuta belti imelowa, tafuta kwanza panapovuja, osha puli zote kwa maji ya sabuni, suuza na zikauke, ndipo uvishe mpya.

Chukua pia mita ya volti, pima betri injini ikienda kasi ya kati na taa zikiwa zimewashwa. Mfumo wako ni wa volti 24, unapaswa kuona kama 27.5 hadi 28.5. Ikiwa chini ya 27 huku ikilia, ni kuteleza kule kule.

Jambo moja silichukulii kirahisi. Belti hiyo hiyo inazungusha pampu ya maji. Siku ikilia, taa ya betri ikawaka na geji ya joto ikapanda, simama hapo hapo, hata kama umebakiza kilomita mbili kufika Usagara. Kilomita hizo mbili zinatosha kupindisha silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) na kuunguza gasketi.

Ifanye kazi hii Jumapili lori likiwa tupu na baridi. Kabla hujatoa hata shilingi, nitumie picha ya ndani ya mfereji wa puli ya krenki na ya alteneta, pamoja na namba za mgongoni mwa belti zote mbili. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
rafiki yako wa Nyakato