Ruzuku za vyuo zifuate kaskazi, si mwaka wa serikali

Mhariri,

Mimi ni mama karanga. Kwa wasomaji wa bara wasiolijua jina hili, ndio sisi wanawake tunaonunua samaki dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapotua, tukawakaanga na kuwauza barazani jioni. Niko Mtongwe, Likoni, mwaka wa 22 sasa katika kazi hii. Kikundi chetu kina wanawake 14 na mimi ndiye mweka hazina, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na hati yangu inasomeka.

Wiki jana binti yangu aliyeko chuo kikuu alinionyesha kwenye simu tangazo la ruzuku ndogo kwa wahadhiri wanaotaka kufanya utafiti wenye faida kwa wananchi. Nililisoma hadi chini. Pesa zenyewe si nyingi, na hilo sina neno nalo. Kilichonikera ni mstari mmoja: fedha zote ziwe zimetumika kufikia tarehe 30 Juni, siku serikali inapofunga mwaka wake wa fedha. Nikamwambia, "Mwanangu, hawa wanarudia yale yale."

Miaka mitatu nyuma alitujia mhadhiri mmoja, mwanamke wa makamo, na mzani mdogo wa betri mkobani. Watafiti tumewazoea. Huja na fomu, wakatuuliza umri, idadi ya watoto na mapato ya mwezi, wakatupiga picha tukiwa na mikono ya magamba, wakaenda zao tusiwaone tena. Huyu hakutoa fomu. Alipindua ndoo akaikalia, akanitazama nikipaa vibua kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mama, wakizidi mnafanyaje?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Wengi hudhani shida yetu ni samaki kuadimika. Kweli huadimika, upepo wa kusi ukivuma. Lakini upepo wa kaskazi ukiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo hurudi vimejaa. Bei huanguka siku hiyo hiyo. Wateja wangu wa chapati na samaki ni wale wale, karai ni lile lile, na dumu la mafuta halijui kwamba leo samaki ni wengi. Friji hatuna. Wanaobaki tunawapasua, tunawatia chumvi na kuwaanika juu ya gunia mchangani, wawe ng'onda. Nzi nao wana sehemu yao. Mnunuzi akija anamtia mmoja kinywani, meno yanakutana na mchanga, na bei anapanga yeye.

Mwalimu (ndivyo tulivyomwita) alitaka tujenge chanja za mbao na waya, zifunikwe kwa hema la nailoni, jua lipike ndani na nzi wabaki nje. Akaomba ruzuku ndogo chuoni kwake. Haikufika hata laki tatu.

Aliomba mwezi wa Septemba. Kamati ikakaa. Ikatakiwa barua, kisha bei za wauzaji watatu kwa kila kitu, hata misumari. Muuza mbao wetu hana karatasi yenye nembo. Ana penseli sikioni. Pesa zikatoka Aprili. Aprili, Mhariri! Mtoto yeyote wa pwani atakwambia kuna nini mwezi huo: masika yameanza, kusi linapanda, madau yamepandishwa juu na wenyewe wanaziba nyufa. Tulijenga kikaushio cha jua huku tunanyeshewa.

Siku chache tulizopata samaki na jua kwa pamoja, niliona kitu nisichokisahau. Alipima dagaa kilo 10 asubuhi akawatandaza. Kila baada ya saa mbili anawarudisha mzanini na kuandika. Saa saba mchana walikuwa kilo 6. Kesho yake alasiri, kilo 3 kasoro. Akachukua mmoja akamvunja kwa vidole, akakatika kwa mlio kama biskuti, kisha akaninusisha. Ule uvundo wa gunia haukuwapo. Bi mkubwa wa kikundi chetu, ambaye tangu mwanzo alikuwa akisema hayo ni mambo ya vitabu, alimla huyo dagaa hivyo hivyo bila kupikwa, akanyamaza.

Siku za mvua tulikaa bandani tukiongea. Ndipo alipotusimulia habari za Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Chittagong kule Bangladesh, ambaye mwaka 1976 alitoa dola 27 mfukoni mwake akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, jirani na chuo. Huko ndiko ilikoanzia Benki ya Grameen, na mwaka 2006 benki hiyo na Yunus wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dola 27! Mchango wa chama chetu wa kila Ijumaa huzidi hapo. Lakini Yunus alikuwa na bahati moja: mfuko ulikuwa wake, hakuna aliyemwambia afunge hesabu mwezi wa Juni.

Mwalimu alifunga hesabu. Nauli zake za bodaboda kutoka feri hadi kwetu zilikataliwa kwa kuwa hazikuwa na risiti. Nani amewahi kupewa risiti na mtu wa boda? Akazilipa mwenyewe. Ripoti aliiandika kwa ukweli wake: katika muda wa mradi, chanja zilianika samaki siku 9. Kamati ikaona 9, ikaona mradi haufai, alipoomba awamu ya pili akanyimwa. Mwezi wa Julai kusi likapasua nailoni kutoka ncha hadi ncha, na pesa ya kiraka haikuwapo katika bajeti. Alivuka feri kwa pesa yake, na mzee mmoja mshona nyavu akaishona ile nailoni kwa uzi wa nyavu. Mpaka leo pale aliposhona ndipo penye nguvu.

Desemba kaskazi ikaingia. Chuoni hakuna aliyekuja kuhesabu, kwa hiyo nilihesabu mimi. Daftari langu lina madoa ya mafuta na halina michoro, lakini lina tarehe. Mpaka mwisho wa Machi tulianika siku 58. Mfanyabiashara wa soko la Kongowea alikuja mara ya kwanza kutazama, mara ya pili kuchukua magunia mawili, mara ya tatu alituma pesa kabla ya mzigo. Siku 9 ziko kwenye ripoti. Siku 58 ziko kwangu.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza pesa. Najua Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti; wanaoidai na waidai. Mimi pesa kubwa naziogopa. Huja na gari la vioo vyeusi na semina hotelini, sisi tukaishia na soda na fulana. Laki tatu mkononi mwa mtu aliyekaa juu ya ndoo zilitutosha kabisa, isipokuwa zilikuja mwezi usio wake na kuondoka kabla ya samaki kufika.

Hapo Gazi, Kwale, watafiti walianza kupanda vipande vya mikoko vya majaribio tangu miaka ya 1990. Mradi wa Mikoko Pamoja wa kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huifyonza, ulianza baadaye sana, mwaka 2013, kwa hekta 117, na mapato yake yameleta maji na vitabu vya shule kijijini. Wangeambiwa wafunge hesabu Juni ya kwanza, miche ingekuwa haijafika hata gotini.

Kwa hiyo wenye ruzuku hizi, kwa miradi ya bahari, watoe pesa Oktoba, kusi likiwa linaisha, na hesabu zivuke kaskazi nzima. Elfu hamsini zizuiliwe zisiguswe mpaka mwaka upite, ziwe za kiraka na za nauli ya kurudi kuhesabu. Na kwa vitu vidogo kama boda na misumari, sahihi ya mweka hazina wa kikundi ikubaliwe kuwa risiti. Mimi sahihi yangu benki inaikubali.

Mhadhiri anayelitaka lile daftari, lipo. Nimelitia kwenye kopo la biskuti lisiliwe na mende. Mimi niko dikoni kila asubuhi vyombo vinaporudi, isipokuwa Ijumaa.

Mama karanga,
Mtongwe, Likoni, Mombasa